Pedi ya gemu ya kujitengenezea ndani ya boksi la mninga: nilikosea mara mbili, ya tatu ikakubali

#1 mtoto_wa_randa (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka ashuke mpaka kwenye vipimo, mwenye chai na muda twende pamoja.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya PlayStation (PS) tunaijua pedi ya pili. Unatoa hela yako, unakaa kwenye benchi, mwenye banda anakukabidhi pedi iliyozungushiwa solatepu huku anakuapia "hiyo nzima kabisa". Mnaingia Tekken 3, gemu ya kupigana, raundi ya kwanza tu unagundua batani ya duara imekufa. Kwa asiyejua, kwenye Tekken kila batani ni kiungo cha mwili: mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Kwa hiyo mwenzako ana miguu miwili, wewe unaruka na mmoja. Nimepigwa utoto mzima kwa staili hiyo.

Mwaka huu nikaamua nitengeneze yangu. Siyo ya kushika viganjani, ni ile ya mtindo wa mashine za zamani za kutumbukiza sarafu: boksi unalilaza mapajani, joistiki kushoto, batani nane kulia. Vya ndani havikunisumbua. Bodi ni Raspberry Pi Pico, kijikompyuta cha milimita 51 kwa 21, nimekiwekea programu ya bure inaitwa GP2040-CE inayokigeuza kuwa pedi ya gemu. Unashikilia kile kibatani cha BOOTSEL huku unachomeka USB kwenye kompyuta, Pico inatokea kama flashi, unaitupia faili, imeisha hiyo. Kila batani ina miguu miwili. Mmoja unaenda kwenye pini yake, wa pili unaungana na wenzake wote kwenye waya mmoja wa graundi. Jioni moja nikawa nimemaliza, vitu vimetandazwa mezani kama utumbo wa kuku, na gemu inachezeka.

Boksi ndilo lililonila miezi miwili.

Mjomba wangu ana karakana Keko, Dar es Salaam, na Keko mabaki ya mninga hayakosekani, vipande vifupi vya miguu ya vitanda ambavyo huishia kuwa kuni. Nikaokota vizuri, nikavipiga randa, nikaunganisha ubao wa juu wa unene wa milimita 20. Mzuri huo, wekundu wake unang'aa, nikautoboa matundu manane ya milimita 30. Nachomeka batani: inazama, inacheza, nikiibonyeza pembeni inachomoka. Nikadhani nimetoboa vibaya. Kumbe batani nilizoagiza ni za kunasa. Zina vimeno viwili ubavuni vinavyofunguka chini ya ubao, na vimetengenezwa kwa ubao wa milimita 2 mpaka 4 hivi. Kwenye milimita 20 vimeno vinabaki vimebanwa ndani ya tundu, havijashika kitu. Nikafanya ujinga wa pili juu ya wa kwanza, nikazimwagia gundi. Wiki ya tatu swichi moja ikafa. Kuing'oa nikaipasua, na kipande cha mninga kikaja nayo.

Boksi la pili nikapatia unene wa juu nikasahau kina. Nilipima joistiki ikiwa tupu, bila waya. Nilipofunga sakafu kwa skrubu, soketi ya waya ikawa inagusa ubao wa chini, na kila nikienda chini na kulia gemu inanirusha juu. Siku nzima natafuta kosa kwenye programu! Nilipofungua sakafu tu, kila kitu kikatulia.

Boksi la tatu ndilo ninalotumia. Safari hii sikuanza na mbao. Nilichukua karatasi kubwa nikaiweka mapajani juu ya ubao wa kukatia mboga, nikalaza mikono yote miwili kama mtu anayesikiliza hotuba, nikamwambia mdogo wangu achore nukta penye ncha ya kila kidole. Hizo nukta ndizo ramani. Vidole havikai mstari ulionyooka, cha kati kinatangulia, cha mwisho kinarudi nyuma. Nikasogeza kidogo ili kati ya kitovu cha batani na kitovu cha jirani yake iwe milimita 36. Ukishuka sana chini ya hapo, kingo za batani zinaanza kugombana.

Vipimo sasa. Boksi kwa nje ni milimita 380 kwa 230, kimo 70. Kuta ni mninga wa milimita 20. Nafasi ya ndani kutoka chini ya ubao wa juu mpaka sakafuni nimeacha 50, joistiki na waya wake vinakaa bila kubanana. Ubao wa juu ni tabaka mbili: juu plaiwudi ya milimita 4, chini yake plaiwudi ya 12 iliyokatwa madirisha mawili. Dirisha la joistiki ni 105 kwa 65 kwa sababu bamba lake la chuma ni 95 kwa 53. Dirisha la batani ni moja kubwa linalozunguka zote nane. Kwa hiyo batani zinanasa kwenye ile ya 4 tu, na ile ya 12 inabeba uzito wa viganja. Sina mashine ya kuchimbia mbao kutoka chini, na kwa njia hii huihitaji. Msumeno mwembamba na patasi vinatosha.

Katikati ya dirisha la batani plaiwudi ilikuwa inanesa ukipiga kwa hasira. Nikatafuta penye upenyo kati ya batani nne nne, nikasimamisha vipande viwili vya penseli kutoka sakafuni mpaka chini ya ubao. Vimegandishwa chini tu, juu vinagusa. Haunesi tena.

Kutoboa: biti ya milimita 30 yenye ncha katikati, na usitoboe moja kwa moja hadi upande wa pili. Ncha ikichungulia chini, simama, geuza ubao, malizia kutoka huko. Chini weka kipande cha ubao usioupenda. Nilipopuuza hili kwenye tundu la kwanza, plaiwudi ilichanika kama andazi.

Kona nilitaka digrii 45 zipendeze. Mjomba akacheka: "Hiyo ni ya fremu ya picha, we unataka kitu cha kupigwa." Akanionyesha kupandanisha nusu kwa nusu, gundi, halafu kila kona vijiti viwili vya mishikaki vimepigiliwa ndani ya matundu ya milimita 3 na kukatwa usawa wa ubao. Ukipaka vanishi vinaonekana kama nukta nyeupe, watu wanadhani ni pambo.

Msasa namba 80, 120, 180, mwisho 240. Vanishi mikono mitatu, kila mkono nikiusugua kidogo kwa 240 ukishakauka. Tahadhari: vanishi inaingia kwenye matundu na 30 inakuwa 29 na kitu. Zungushia msasa kwenye kijiti uyasafishe kabla hujalazimisha batani. Chini nimegandisha vipande vya ndala kuukuu, halitelezi hata kwenye meza ya kioo.

Naomba kuwasilisha. Maswali ruksa.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimekaa. Uzi wa ufundi bila picha ni sawa na pilau bila nyama lakini, mkuu.

#3 mtoto_wa_randa

Zinagoma kupanda mkuu, nimejaribu mara tatu. Nikipata mtandao wa maana nitaziweka. Kwa sasa fikiria sinia la chai lenye batani.

#4 Mzee_Patasi

Kijana, nimesoma yote bila kuruka. Nina miaka mingi kwenye hii kazi, niruhusu niseme mawili.

La kwanza, ule ubao wako wa kwanza hata kama batani zingenasa, ungekuja kukusumbua. Umeunganisha vipande vya mninga ukavibana kwa gundi pande zote nne za boksi. Mbao haitulii. Inavuta unyevu inatanuka, inakauka inasinyaa, na inafanya hivyo kwa upana wake, siyo kwa urefu. Tengenezea Dar masika, halafu mpelekee mtu Dodoma kiangazi, utasikia ubao umelia "pa!" usiku. Mninga una nafuu, ni katika mbao zinazocheza kidogo sana, ndiyo maana tunaupenda. Plaiwudi uliyoweka juu haina shida hiyo, tabaka zake zimepishanishwa. Umepatia bila kujua.

La pili, vumbi la mninga. Ukipiga msasa ndani ya chumba unacholala, kifua kitabana na pua itawasha. Toka nje, funga kitambaa puani au barakoa. Nimeona vijana wanakohoa mwezi mzima wanasingizia mafua.

Penseli umenichekesha. Lakini ni sawa.

#5 mtoto_wa_randa

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, nilipigia msasa chumbani na nikapiga chafya siku tatu. Kuhusu "umepatia bila kujua", nakubali na sibishi.

#6 bin_Kisauni

Hapa Mombasa mninga bei yake si ya mchezo. Mimi nina mabaki ya mbambakofi kutoka mlango uliovunjwa. Yafaa? Na hii kitu yacheza PS4? Vijana wangu wana PS4.

#7 Mzee_Patasi

Mbambakofi ndio huo huo huku bara tunauita mkongo. Mbao ya kifalme hiyo. Ni mgumu, noa patasi kabla na katikati ya kazi, na tundu la skrubu litoboe kwanza, usilazimishe, utakata kichwa cha skrubu. Kwa kuwa umetoka kwenye mlango wa zamani, umeshakauka vya kutosha. Angalia tu misumari iliyojificha kabla hujaingiza msumeno.

#8 waya_na_lehemu

Swali la PS4 nalijibu mimi, maana limeniumiza. Kwenye kompyuta, PS3 na Nintendo Switch hiyo programu inakwenda bila maneno. PS4 inataka pedi ijitambulishe kwa funguo za siri. Ukichomeka bila funguo itacheza vizuri, halafu baada ya dakika 8 inakatika. Unachomoa, unachomeka, dakika 8 nyingine. Ukiwa raundi ya mwisho utalia. PS5 ni ngumu zaidi, gemu zake zinahitaji upitishe kwenye kifaa kingine chenye leseni. Kwa hiyo bin_Kisauni, kama hamna kompyuta, pima kwanza kabla hujakata mbao ya mlango wa babu.

Mengine kwa mleta mada na wanaofuata. Kama Pico haitokei kwenye kompyuta, badilisha waya kabla hujailaumu bodi, nyaya nyingi za simu ni za kuchaji tu, za data hazimo. Pili, ile soketi ya USB ya Pico ni dhaifu. Mtu akijikwaa kwenye waya, soketi inang'oka na vinjia vya shaba vyake. Waya uingie kwenye tundu la ukuta wa boksi, ndani uufunge kwa taizipu (kamba ya plastiki ya kukaza) kwenye kipande cha ubao kilichogandishwa sakafuni, ndipo ufike kwenye bodi ukiwa umelegea. Mvuto wote uishie kwenye ubao.

Tatu, msilehemu waya moja kwa moja kwenye batani. Tumieni tamino za kuchomeka, vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya. Batani za mtindo wa Kijapani zinachukua za milimita 2.8, zile za Kimarekani zenye swichi kubwa zinachukua 4.8. Siku swichi ikifa unachomoa kama plagi.

#9 mtoto_wa_randa

Hiyo ya kufunga waya sikuifanya. Nimetoka kufungua boksi sasa hivi, soketi imeshaanza kucheza. Asante sana mkuu, umeniokoa.

#10 hela_yangu_jasho_langu

Wakuu, mimi sielewi. Miezi miwili, maboksi matatu, batani umeharibu. Si ungenunua tu ya dukani ukaendelea na maisha?

#11 mtoto_wa_randa

Ningenunua mkuu. Ila ya dukani ikifa batani moja ninarudi kuwa na mguu mmoja.

#12 Maktaba_ya_Mtaa

Akitokea wa kusema boksi la mbao ni ushamba, mwambieni mambo haya yalianzia kwenye mbao. Kipanya cha kwanza cha kompyuta, cha Douglas Engelbart, mwaka 1964, kilikuwa kipande cha mti kilichochimbwa ndani, kina batani moja juu na magurudumu mawili chini. Aliyekiunda ni Bill English. Na mtambo wa gemu wa majaribio wa Ralph Baer, ule uliokuja kuzaa mashine ya gemu ya Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, uliitwa Brown Box kwa sababu walilifunika boksi kwa plastiki ya gundi yenye sura ya mbao. Mashine ya gemu ya Atari ya 1977 nayo ilikuwa na uso wa mbao bandia. Yaani wenye viwanda walikuwa wanaigiza mninga ambao mleta mada anauokota chini bure.

#13 Kiti_cha_Mbele

Hapo kwa mninga umeua.

#14 dada_wa_Temeke

Samahani nitoke kidogo nje ya mada. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 14, mkono wa kulia hauna nguvu tangu akiwa mdogo, vidole havifunguki vizuri. Anapenda gemu ya mpira kuliko chakula. Pedi ya kawaida anaishika kwa kushoto na kuibana kwa goti, anacheza nusu nusu, wenzake wanachoka kumsubiri. Kitu kama hiki kinaweza kutengenezwa kwa mtu kama yeye? Kompyuta ipo nyumbani.

#15 waya_na_lehemu

Hujatoka nje ya mada dada, umeingia ndani kabisa. Kwa bodi, batani ni batani, haijali imekaa wapi wala ukubwa wake. Microsoft walitoa mwaka 2018 kifaa chao cha namna hiyo, kina soketi 19 za kuchomeka swichi za nje, na wazo unaweza kulichukua. Zipo batani za kuba za milimita 60 na hata 100, unazigonga kwa kiganja au kwa ngumi. Hizo zina nati kubwa kwa chini, siyo za kunasa, kwa hiyo ubao mnene hauna shida. Ila shina lake ni jembamba kuliko uso, pima shina ndipo utoboe. Swali langu ni moja: mkono wa kulia unaweza kugonga, hata kama hauwezi kushika?

#16 dada_wa_Temeke

Kugonga anaweza. Meza yetu inajua.

#17 mtoto_wa_randa

Dada, fanya lile zoezi la karatasi, lakini kwa mkono wake, akiwa amekaa anapokaa kawaida. Usimnyooshe. Mkono wa kulia uache uangukie unapotaka wenyewe, chora duara hapo. Usiangalie boksi langu wala picha za mtandaoni, kila kitu kitafuata hilo duara. Boksi lake naona liwe pana zaidi na liinuke upande wa mbali, uso uwe na mteremko kidogo kumwelekea, ili kiganja kisichoke. Mabaki ya mbao ninayo, gharama yako ni batani na bodi.

#18 Mzee_Patasi

Na kingo zote za mbele mzizungushe, mzipige randa ziwe duara. Mkono usio na nguvu unaegemea sana, ukingo mkali utamkata bila yeye kusema. Kwenye sehemu ya kuegemea kifundo wekeni kipande cha sponji ya godoro na ngozi juu yake. Kazi ya kukata hiyo mbao ya mteremko nitaelekeza, msikisie.

#19 dada_wa_Temeke

Nimeleta mrejesho baada ya wiki sita, samahani kwa ukimya.

Boksi limekamilika juzi. Kushoto joistiki na batani nne za kawaida, kulia kuba mbili za milimita 100, moja pasi, moja shuti. Karatasi tulichora mara tatu, maana ya kwanza alikuwa anajikaza ili aonekane mzima. Mleta mada alimwambia "kaa kama umechoka", ndipo mkono ukaenda pake penyewe, karibu na kitovu kuliko tulivyodhani.

Kasoro mbili. Boksi tupu ndani likawa linalia kama ngoma kila akipiga shuti, jirani akagonga ukuta. Tumejaza vipande vya godoro, limenyamaza. Ya pili ndiyo ngumu: batani ya shuti ni nyekundu, na yeye ni Yanga wa kufa. Anasema kila akifunga goli anajisikia ameipigia Simba. Juzi amekataa kucheza mpaka ibadilishwe. Kuna mwenye kuba ya kijani au ya njano hapa?

#20 mtoto_wa_randa

Njano ninayo moja, ilibaki kwenye oda. Njooni Jumamosi Keko, asubuhi kabla mjomba hajawasha mashine. Ni nati moja tu, dakika tano. Hiyo nyekundu niachieni mimi, sisi wa Msimbazi tunajua pa kuiweka.